Neno "Akazi" na Mageuzi ya Jamii ya Kinyaga

Siku moja niliwapa wanafunzi wangu wa hapa Nzahaha neno "kazi" walitungie sentensi. Mmoja wao akaandika: "Wazee wetu walikimbia kazi wakavuka Rusizi kutafuta kazi." Darasa zima likamcheka, likidhani kwamba mwenzao amejichanganya. Mimi sikucheka. Nilimpa alama zote, kwa maana mtoto yule, pengine bila kujua, alikuwa ameandika historia ya nusu karne ya nchi yetu kwa maneno manane tu.

Neno hilo Wanyarwanda walilipokea kutoka katika Kiswahili zamani za utawala wa Wajerumani na Wabelgiji, pamoja na ndugu zake wengi: umufundi, umusirikare, ishuri, ikiboko. Na jinsi lilivyopokewa yafaa itazamwe na sisi tunaofundisha sarufi. Silabi ya ka- ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya udogo, ikatanguliwa na a-, likazaliwa neno akazi. Hivyo kazi ile nzito kupita zote ikaingia katika ngeli ya vitu vidogo! Maana yake ya kwanza haikuwa ajira. Wakati wa ukoloni akazi ilikuwa shokoa: kuchimba barabara, kubeba mizigo, kukata matuta milimani na kupanda kahawa kwa amri, na mkaidi alionjeshwa kiboko.

Kinyaga ndilo jina la kale la pembe hii ya kusini-magharibi ya Rwanda, iliyoitwa baadaye Cyangugu. Mfalme Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, ndiye aliyeifunga barabara na dola lake, na machifu wakaja na desturi zao. Kulikuwa na ubuhake, yaani mtu kupewa ng'ombe na bwana wake, naye akamlipa kwa utumishi na utii. Kulikuwa pia na uburetwa, utumishi wa lazima kwa chifu wa mlima kwa ajili ya ardhi, ambao kwa kawaida ulikuwa siku mbili katika juma la kale la siku 5, na ukawaangukia Wahutu hasa. Baadhi ya vitabu vyetu huyaita yote hayo ukabaila. Silipendi sana neno hilo, kwani ubuhake ulikuwa na sura nyingi, na mara nyingine uliwafunga Watutsi kwa Watutsi wenzao. Lakini juu ya uburetwa sina ubishi. Wabelgiji hawakuondoa mzigo ule. Waliutia juu yake mzigo wa pili wa kodi ya fedha na akazi ya serikali, na chifu akawa mnyapara wa wote wawili.

Hapo ndipo mto ulipowafaa watu. Ng'ambo ya Rusizi, katika Kongo, kulikuwa na mji wa Bukavu, ulioitwa wakati huo Costermansville, na mashamba makubwa ya walowezi yaliyolima kahawa, chai na mikwinini. Mbali zaidi kulikuwa na migodi ya shaba ya Katanga, ambako kampuni ya Union Minière ilichukua vibarua wa Kinyarwanda tangu miaka ya 1920. Mtu wa Kinyaga hakuhitaji kufika mbali hivyo. Aliondoka alfajiri, na jioni alikuwa Bukavu. Huko alifanya kazi ngumu kwa ujira mdogo, tena chini ya matusi. Wala tusiipambe hali ile. Hata hivyo ujira ule alitiwa mkononi mwake mwenyewe. Aliporudi alilipa kodi, akanunua nguo, na pengine akanunua ng'ombe ambaye hakupewa na bwana yeyote.

Ng'ombe huyo wa kununuliwa alikuwa jambo kubwa kuliko anavyoonekana. Tunapofundisha historia ya Ulaya husema kwamba Ufaransa ilipindua utawala mwaka 1789 na Uingereza ikaleta mashine, na kwamba mambo hayo mawili yaliizaa jamii mpya. Kwetu Kinyaga mambo yalikuja kwa namna nyingine. Mashine na mashamba ya mabepari vilikuwa ng'ambo, katika koloni jingine, nasi tulipeleka mikono tu. Lakini mikono ile ilirudi na fedha, na fedha ikakata kamba ya ubuhake kabla sheria haijaikata. Uburetwa ulifutwa mwaka 1949, na tarehe 1 Aprili 1954 Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa akaamuru ubuhake uvunjwe na ng'ombe wagawanywe. Vijana waliokuwa wamekwisha kuonja ujira waliona amri hiyo imechelewa, na kwamba iliwapa ng'ombe bila malisho, kwa sababu ardhi ilibaki mikononi mwa wakubwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Rudahigwa alifariki ghafla Bujumbura mwezi Julai 1959. Novemba mwaka huo nyumba za Watutsi zikachomwa moto katika sehemu nyingi za nchi. Tarehe 28 Januari 1961 Jamhuri ikatangazwa Gitarama. Na uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962. Hadi mwaka 1964 zaidi ya watu 100,000 walikuwa wakimbizi katika nchi za jirani. Wengi wao walikuwa wafugaji na wakulima wa kawaida ambao hawakupata kuwa machifu hata siku moja.

Viongozi wapya waliyaita mapinduzi ya kijamii. Neno "mapinduzi" hutokana na kupindua, na kapu lililopinduliwa ni kapu lile lile. Chifu aliondoka, akaja burugumesitiri. Lakini kitambulisho cha kabila, kilicholetwa na Wabelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1930, hakikutupwa. Kilikaa mifukoni mwa watu hadi mwaka 1994. Kwa kuwa mshahara ulikuwa sasa ndio ng'ombe mpya, kitambulisho hicho kikaamua nani atakamuliwa maziwa. Mapema mwaka 1973 orodha za majina zilibandikwa mashuleni na makazini, na Watutsi waliotajwa humo wakafukuzwa. Yule aliyemwuliza bwana wake ruhusa ya malisho mwaka 1930, na yule aliyesimama mbele ya orodha ukutani mwaka 1973, walitegemea hisani ya mtu mwingine vile vile.

Viwanda vyenyewe vilifika kwetu polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mitambo ya umeme wa maji ilijengwa penye maporomoko ya Rusizi huko Mururu, umeme wake ukaenda kwanza Bukavu. Mwaka 1984 kikaanzishwa kiwanda cha saruji cha CIMERWA katika bonde la Bugarama, kwa msaada wa China. Hapo kijana wa milima hii aliweza kupata mshahara wa kiwandani bila kuvuka mpaka. Mwaka 2015 mtambo mpya ulifunguliwa, wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka.

Katikati ya miaka hiyo kuna mwaka 1994, nao hauwezi kurukwa katika habari ya neno "kazi". Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji waliita kuua gukora, yaani kufanya kazi. Walihimizana kwenda kazini, nayo mapanga na majembe yakaitwa vyombo vya kazi. Kitenzi kile cha mkulima na fundi kikatiwa damu. Hulieleza jambo hili darasani mara moja kila mwaka, kwa sauti ya chini, kwa sababu wako wanafunzi ambao jamaa zao hawakuzikwa.

Siku hizi malori ya saruji hupanda kutoka Bugarama kwenda Kamembe, mengine yakavuka kwenda Kongo, na madereva husemezana kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Wanafunzi wangu husema sima, nami huwasahihisha: saruji. Yule wa sentensi ile ananiambia kwamba baba yake ni kibarua wa kupakia mifuko. Nikamwuliza kazi yaendaje. "Akazi karahari," akajibu kwa Kinyarwanda, kisha akajitafsiria mwenyewe: "Kazi ipo, mwalimu."