Ilikokwenda Kodi ya Kichwa

Babu yangu mzaa mama, aliyezaliwa Pangani na kuzikwa huko huko, alikuwa na kisanduku cha bati kilichowahi kutiwa majani ya chai, na ndani yake hamkuwa na fedha wala johari bali fungu la karatasi ndogo lililofungwa kwa uzi wa katani, karatasi moja kwa kila mwaka alioishi chini ya bendera ya Waingereza akiwa mtu mzima: stakabadhi za kodi ya kichwa. Mwaka ambao karatasi yake ilitafunwa na panya, alitusimulia, ulikuwa mwaka wa hofu tupu, kwa kuwa mwanamume aliyekutwa njiani hana stakabadhi aliweza kupelekwa bomani na kutiwa katika kazi ya barabara hata jasho lake litimize deni. Babu alikuwa mvuvi wa ngalawa moja. Jirani yake, mwenye majahazi na shamba kubwa la minazi, naye alikuwa na karatasi kama zile zile, zimeandikwa kiasi kile kile cha shilingi, na jambo hilo lilimwuma babu kuliko kodi yenyewe.

Lugha yetu ina majina mengi ya kodi, na majina hayo ni kumbukumbu za tawala zilizopita juu ya ardhi hii. Ushuru ni neno la Kiarabu lenye asili ya sehemu ya kumi, na waliosoma vyuoni watakumbuka kwamba katika sharia mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi, ilhali yale ambayo mkulima ameyanywesha kwa mkono wake na gharama yake hutolewa nusu ya hapo. Na kwamba zaka ya fedha ni sehemu moja katika arobaini, tena haimpasi ila mwenye nisabu, yaani mtu ambaye mali yake imefikia kiwango maalumu na kuzungukiwa na mwaka. Asiyefikia kiwango hicho hadaiwi. Bali aghalabu ndiye anayepewa. Kwa hiyo kabla ya Mzungu yeyote kupiga hesabu ya rupia katika pwani hii, wazee wetu walikwisha kufahamu kwamba kabla ya kumuuliza mtu atoe nini, yapasa kwanza kuuliza ana nini, na amekipataje. Hongo nayo, ambayo leo haina maana nyingine ila rushwa, zamani ilikuwa malipo ya wazi ambayo misafara iliyopita Ugogo ilimtolea mwenye nchi, kwa nguo na shanga na nyaya za shaba, ili ipewe njia na maji.

Unguja ilijengwa kwa ushuru wa forodha. Sayyid Said, katika mikataba yake na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839, alikubali kwamba bidhaa zinazoingia zitozwe asilimia 5 na si zaidi, kisha akaikodisha forodha yenyewe kwa mfanyabiashara Jairam Shivji, ambaye alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka na kujikusanyia mwenyewe kilichobaki. Hapa ndipo msomaji anapoweza kuiona tabia ya ushuru wa bidhaa, ambayo haijabadilika tangu siku zile: anayeutoa mkononi siye anayeubeba. Tajiri wa merikani, ile nguo nyeupe iliyotoka ng'ambo na kupewa jina la nchi yake, aliulipa pale Forodhani, akauongeza juu ya bei ya jora. Mchuuzi akauongeza juu ya bei ya pande. Na aliyekuja kumalizikiwa nao ni mtu wa bara aliyeivaa nguo ile kiunoni wala hajapata kuiona bahari. Karafuu, ambayo mwishoni mwa karne ya 19 ilitozwa robo nzima ya thamani yake, mzigo wake ulirudi upande wa pili, kwani bei ya karafuu iliamuliwa na masoko ya mbali, na mwenye shamba hakuwa na wa kumsukumia. Asiye na njia ya kuutua mzigo ndiye aliyebaki nao, huku na huku.

Wadachi, yaani Wajerumani, walileta jambo geni. Amri yao ya mwaka 1897, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilitoza kila nyumba: rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na zaidi kwa nyumba za mijini. Fedha haikuwa sababu pekee ya amri hiyo. Mtu aliyejilimia mtama wake, akafuga mbuzi wake na kusuka mkeka wake hakuwa na haja ya rupia, na asiye na haja ya rupia haendi kukata mkonge katika shamba la mtu. Basi ilitafutwa njia ya kumtia haja hiyo kwa nguvu, na njia yenyewe ikawa nyumba aliyolala. Machemba, mkuu wa Wayao katika uwanda wa Makonde, alikataa kulipa, na mwaka 1899 majeshi yakamwandama hata akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Wengine walikataa kwa njia ya kimya zaidi: ndugu watatu na wake zao na watoto wao wakajibana chini ya paa moja, ili zihesabiwe rupia tatu badala ya tisa. Nasikitika kila niwazapo watu waliobomoa nyumba zao wenyewe kwa sababu ya kodi. Mwaka 1905 serikali ikaondoa macho kwenye paa na kuyaelekeza kwenye kichwa, ikamtaka kila mwanamume mzima alipe rupia 3, kwa fedha au kwa kazi. Na mwaka huo huo, mwezi wa Julai, katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Haitakuwa kweli kusema kwamba vita vile vilikuwa vya kodi peke yake, maana pamba ya kulazimishwa na viboko vya maakida vilitosha kumwasisha mtu mpole. Lakini kodi ilikuwamo.

Kule Kenya kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, ikapanda hatua kwa hatua hata, baada ya Vita Kuu ya kwanza, ikafikia shilingi 16. Mwaka 1921 walowezi wakakata shauri kupunguza ujira wa vibarua wao kwa theluthi, na watu wa Nairobi wakamfuata kijana karani, Harry Thuku, aliyethubutu kusema hadharani kwamba ujira hauwezi kushuka ilhali kodi inapanda. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe ulipigwa risasi; serikali ilihesabu maiti 21, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyesimama mbele ya wanaume. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Lakini kuna jambo la pili la mwaka huo huo lisilotajwa sana, nalo ni kwamba walowezi nao walikuwa wametozwa kodi, ya mapato, iliyompima kila mtu kwa kadiri ya kipato chake. Wakaipinga katika baraza na magazeti, na mwaka 1922 ikafutwa, na pengo lake likazibwa kwa ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini. Haikurudi mpaka mwaka 1937. Shilingi 4 za Mwafrika zilipunguzwa kwa damu. Kodi nzima ya mlowezi iliondolewa kwa kura.

Lau mambo yangekuwa mepesi, tungesema basi kwamba kodi ya kichwa ni dhuluma na kodi ya kipato ni insafu, tukafunga kitabu. Upare ukatuonyesha kuwa si hivyo. Mapema katika miaka ya 1940 wakuu wa nchi ile, pamoja na serikali ya wilaya, walianzisha kodi ya pili juu ya ile ya kawaida, wakaiita mbiru, jina la malipo ya kale waliyopewa watemi wa Kipare. Tofauti yake na kodi nyingine ni kwamba ilipanda kwa kadiri ya mali: mwenye ng'ombe wengi na kahawa alipe zaidi, mwenye jembe tupu alipe kidogo. Kwa maneno ya karatasini ilikuwa kodi ya haki kuliko zote zilizopata kutozwa Tanganyika, na maafisa walishangaa kwa dhati walipoona watu wanaikataa.

Lakini mpime mtu mali yake, kisha usimwambie umempimaje! Waliokadiria walikuwa watu wa wakuu wenyewe. Hesabu zilifanywa faraghani. Jirani wawili wenye kahawa sawa walijikuta wanadaiwa viwango tofauti, na aliyeuliza sababu hakupata jawabu. Mtu alihisi kwamba watu wamepita zizini mwake usiku wakahesabu mbuzi zake, na ya kwamba kiasi chake mwakani kitategemea amemwamkia nani na amemkasirisha nani. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakafika Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi, wakasema kodi ya kichwa ya kawaida watailipa, lakini mbiru hawaitaki. Hawakupiga mtu wala kuvunja kitu. Walikaa, wakaletewa chakula kutoka nyumbani kwa zamu, siku zikawa majuma na majuma yakawa miezi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakatoka kudai shauri limalizwe, kwa sababu mashamba yalikuwa yamelala na nyumba hazina wanaume. Mwaka 1947 mbiru ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa nyongeza iliyo sawa kwa wote.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Wapare waliipendelea kodi iliyomlemea maskini wao kuliko ile iliyomtazama kwa huruma, kwa kuwa ya kwanza ilijulikana na ya pili ilifichwa. Na siamini kwamba walikuwa wajinga. Mtu anapoujua mzigo wake, anaweza kuuzungumza na mwenzake, akajua wapi pa kwenda kuulalamikia.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilibaki kwa muda mikononi mwa serikali za mitaa, na vijana wa wakati ule waliona aibu kwamba mwananchi huru bado anaulizwa stakabadhi njiani. Tanzania ikaifuta mwaka 1969, na Kenya ikaiacha kodi yake ya watu binafsi katika mwaka 1973. Watu wakafurahi, na walistahiki kufurahi. Lakini mwaka 1969 ndipo ilipozaliwa kodi ya mauzo katika Tanzania, na mwaka 1973 ndipo ilipozaliwa kodi ya mauzo katika Kenya. Hazina haiachi mfuko mmoja kabla ya kupata mwingine: kodi ilishuka kutoka kichwani ikaingia kikapuni. Ni kweli kwamba kwetu ilirudi kichwani kwa muda, kwa jina la kodi ya maendeleo, iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 na kuondolewa mwaka 2003, na mimi mwenyewe niliona vijana wakikimbilia mikokoni walipoambiwa mgambo wanakuja. Ila hiyo ilikuwa njia ya pembeni. Njia kuu ilikwenda dukani. Julai 1998 kodi ya mauzo ikapisha kodi ya ongezeko la thamani, kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009.

Tuipime kwa mizani ya mfano. Mama anayepata shilingi 100,000 kwa mwezi huzitumia zote, kwa kuwa hana cha kuweka. Tuseme 59,000 kati yake ni bei ya sabuni, sukari, dawa ya meno, daftari na vitu vingine vyenye kodi hiyo. Ndani ya 59,000 hizo mna 9,000 za serikali, nazo ni 9 katika kila 100 ya pato lake. Bwana mwenye pato la 5,000,000 akinunua mara kumi ya mama huyo, atakuwa ametoa 90,000, nazo hazifiki 2 katika 100 ya pato lake. Asilimia ni moja kwa wote wawili, kama rupia tatu zilivyokuwa moja kwa wote. Serikali imelijua hili, ndiyo maana mazao ya shambani yasiyosindikwa yamesamehewa. Lakini msamaha hauufuti mfano wangu. Tena muuza duka wa mtaani, ambaye biashara yake ni ndogo hata hakusajiliwa kutoza kodi hii, hudhani haimhusu wala haiwahusu wateja wake, ilhali yeye mwenyewe ameinunua ndani ya bei ya jumla. Hakuna karatasi. Hakuna Same pa kwenda kupiga kambi.

Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi zaidi ya 400, na sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo: wachakachuaji waliyanunua mafuta ya taa kwa bei rahisi wakayachanganya na dizeli, wakaharibu injini za watu na kuiibia hazina. Ilitakiwa bei zikaribiane ili faida ya uchakachuaji ife. Miaka ile shangazi yangu alikuwa angali akiishi katika nyumba ya babu, isiyokuwa na umeme, akiamka kabla ya alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Nilimkuta siku moja na chupa yake ndogo, amerudi dukani, ameishika juu akiutazama mstari wa mafuta, maana fedha zilikuwa zile zile na mstari umeshuka. Nikamweleza habari ya malori na dizeli. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema yeye hajapata kuwa na lori. Kisha akaimimina chupa katika koroboi, akauvuta utambi ndani kwa ncha ya sindano hata mwali ukawa mdogo kama punje ya mtama, akaiweka koroboi juu ya rafu, karibu na kisanduku cha bati, akaanza kukanda unga.