Majimaji ya mwili na maambukizi ya VVU

Virusi vya Ukimwi (VVU) huambukizwa kwa majimaji machache tu ya mwili: damu, shahawa na majimaji yanayozitangulia, ute wa ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate, jasho, machozi na mkojo havimo. Kula sahani moja na mwenye VVU au kumkumbatia hakuna hatari yoyote, na woga wa mambo hayo umewatenga watu bure kwa miaka mingi. Maambukizi hutokea pale majimaji yenye virusi yanapofika kwenye utando laini, kidonda kibichi au mkondo wa damu. Muuguzi aliyechomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU hukabiliwa na hatari ya takriban asilimia 0.3. Huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua, kisha huanza dawa kinga ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kuzimeza kwa siku 28. Bila matibabu, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto tangu ujauzito hadi unyonyeshaji ni asilimia 15 hadi 45. Dawa za kufubaza virusi (ARV) huushusha chini ya asilimia 5. Anayemeza ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.