Gongo Hufuata Dhahabu

Taarifa za polisi wa mikoa ya Shinyanga na Geita zina habari isiyozeeka: lita kadhaa za gongo zimekamatwa pamoja na mitambo ya kuitengenezea, na watuhumiwa watafikishwa mahakamani. Anayezisoma mwaka hadi mwaka huishia kuamini kwamba gongo ni tabia mbaya ya watu wachache, na kwamba misako ikizidi itakoma. Historia ya ukanda huu hainiruhusu kukubali hivyo. Naona gongo ilistawi hapa kwa kuwa ndiyo pombe pekee iliyoweza kwenda na maisha ya machimboni, na imebaki kuwa hatari kwa kiasi kikubwa kwa sababu sheria iliyokusudiwa kuipa njia halali iliachwa nusu.

Pombe ya asili ya Usukumani ni ya nafaka, mtama na uwele, na kimea chake huchukua siku kadhaa kuandaliwa. Ilikuwa pombe ya watu waliotulia mahali pamoja: ya mavuno, ya ngoma, ya kuwashukuru vijana waliokuja kulima shamba la jirani. Ikishaiva hunyweka siku mbili tatu tu, halafu huchacha, kwa hiyo lazima wanywaji wawe karibu na mtungi. Sasa tupige hesabu. Lita ishirini za pombe yenye kilevi cha asilimia nane zina takriban lita moja na nusu ya kilevi chenyewe. Zikikenekwa vizuri hutoa kama lita nne za pombe kali ya asilimia arobaini, yaani gongo. Kazi hiyo hufanywa na moto, pipa na bomba lililopitishwa kwenye maji baridi, maana kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100. Mzigo wa madumu mengi unageuka kidumu kimoja, na kilichomo hakiozi hata kikikaa miezi.

Tofauti hiyo haimsumbui mkulima wa kijijini. Kwa mchimbaji ndiyo kila kitu. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, lakini migodi hiyo ilikuwa na mishahara ya mwezi na kambi zenye utaratibu. Mambo yalibadilika zaidi kuanzia 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ya soko. Maelfu walimiminika Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu. Huko hakuna mshahara. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, mifuko hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, kisha kila mmoja hupeleka fungu lake kwenye karasha la kusagia mawe na mwaloni kwa kuoshea. Mtu hukaa wiki nyingi mikono mitupu, halafu akapata fedha nyingi kwa siku moja. Tena kambi nzima huweza kuhama kwa uvumi wa rashi mpya, yaani mahali papya palipopatikana dhahabu, au kuhamishwa kwa nguvu kama ilivyokuwa Bulyanhulu Agosti 1996. Mwanamke anayetegemea kuuza pombe mahali pa namna hiyo hawezi kuloweka mtama na kungoja. Anahitaji bidhaa inayokaa, inayofichika na inayobebeka.

Atatokea wa kusema kwamba gongo ilikuwepo kabla ya rashi, na atakuwa sahihi. Lakini hata hiyo ya zamani ilizaliwa ndani ya marufuku. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukaenda mbali zaidi: ulikataza kukeneka na kuingiza mitambo yake. Mzungu wa Mwanza aliendelea na jini yake klabuni. Aliyekatazwa ni Mwafrika, na kwa sehemu kubwa ya ukoloni kosa la pombe kali lilitegemea rangi ya mnywaji. Baada ya uhuru Uganda ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Enguli ya 1965 iliwapa wapishi wa vijijini leseni ya kukiuzia kiwanda enguli yao, yaani gongo ya huko, nacho kikaisafisha kuwa Uganda Waragi. Tanzania ilifuata mwaka 1966 kwa sheria ya utengenezaji na ukenekaji wa moshi, yaani gongo, nayo ilijengwa juu ya leseni. Kisha, tangu 1970, ikaja Konyagi, inayotokana na molasi ya miwa. Hapo ndipo nionapo njia panda: molasi hupatikana kwa wingi na ubora wake ni mmoja, wakati moshi wa vijijini ungehitaji kukusanywa dumu kwa dumu na kupimwa. Kiwanda hakikuwa na haja ya mpishi. Katika sheria ya 1966 kilichobaki hai mahakamani ni adhabu.

Utata wa kuadhibu ukenekaji badala ya kuuelekeza unaonekana vizuri zaidi Rwamagasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza sumu ya zebaki ulifika pale kuwafundisha wachimbaji kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ndani ya chombo kilichofungwa, ili mvuke upite kwenye bomba, upoe na kurudi kuwa zebaki. Huo ni ukenekaji mtupu. Bomba na moto vilevile, vikitumika kwa pumba zilizochachushwa, ni kosa la jinai. Sisemi pombe na zebaki ni mamoja. Nasema tu kwamba kwa zebaki tuliona kazi hatari ikafundishwa ifanyike kwa usalama zaidi, badala ya kungoja iishe.

Pingamizi zito ni kwamba gongo huua. Ni kweli, na siyo jambo la kupuuza. Lakini nafaka zilizochachushwa hutoa methanoli kidogo sana. Matunda hutoa zaidi kidogo. Maafa makubwa ya upofu na vifo duniani kwa kawaida hutokana na mtu kuongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali kwa bei rahisi, na muuzaji anayefanya hivyo hulindwa na giza. Duka halali lina chupa yenye jina na kiwanda cha kulaumiwa. London iliwahi kulijua hili: sheria ya jini ya 1736 iliweka leseni ya pauni hamsini, ghali kiasi kwamba karibu hakuna aliyeilipa, na biashara ikaendelea vichochoroni mpaka sheria hiyo ikafutwa 1743. Ile ya 1751, iliyowabana wakenekaji wasiwauzie wasio na leseni, ndiyo iliyofaa zaidi.

Wengine watanionyesha kwamba pombe kali halali ipo tele: hata mjini Shinyanga kuna kiwanda, East African Spirits, kinachotengeneza Hanson's Choice. Sawa, na inauzwa mpaka machimboni. Ila tangu viroba, yaani vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, vipigwe marufuku tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu za mazingira na afya ya vijana, kifungashio kidogo kabisa cha pombe kali halali kimekuwa chupa, na chupa ina bei yake. Mpika gongo hakuwahi kuwa na kifungashio. Yeye humimina kwenye glasi, kwa kiasi cha shilingi alizonazo mteja siku ambayo mawe hayajatoa kitu. Marufuku ya viroba haikumgusa. Kama ilimfanyia lolote, ilimwondolea mshindani wa karibu.