Ngoma, Chui na Kahawa ya Karagwe

Miaka ya karibuni vimeenea duniani vitabu vya Kijapani ambamo mkahawa ni mahali pa miujiza. Katika kitabu cha Toshikazu Kawaguchi cha mwaka 2015, mteja hurudi siku zilizopita, mradi arejee kabla kahawa yake haijapoa. Katika kile cha Mai Mochizuki cha mwaka 2020, wenye mkahawa ni paka wanaosema. Muujiza humo hautishi mtu. Huletwa mezani pamoja na kikombe. Kila ninapovisoma naikumbuka Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, kwani huko kahawa na miujiza ni majirani wa siku nyingi.

Nianze na kahawa. Kabla ya kuja Wajerumani, wenyeji hawakuinywa bali waliitafuna. Matunda yalichumwa mabichi, yakachemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha yakaanikwa. Mgeni alikaribishwa kwayo. Waliotaka kuchanjiana undugu walitumia punje mbili za tunda moja: kila mmoja alitafuna punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu hapo hawakuweza kudhuriana.

Ama miujiza, hiyo ilikuwa ndiyo historia yenyewe. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mkama Rumanyika, akalakiwa kwa Kiswahili kizuri. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliandika aliyosimuliwa. Maiti ya Ndagara, baba yake Rumanyika, ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikaelea ziwani katika mtumbwi kwa siku tatu hadi ikaanza kuoza. Funza watatu wakapelekwa ikulu: mmoja akageuka simba, wa pili chui, wa tatu fimbo. Baadaye ndugu waliogombea kiti waliwekewa ngoma ndogo. Kwa uzito ilikuwa kama unyoya, lakini ilisheheni dawa, na asiye mrithi wa haki hakuweza kuiinua. Rumanyika aliiinua kwa kidole cha mwisho.

Msomaji wa leo huenda akacheka. Mimi naona ni heri tuulize kwanza: masimulizi haya yalifanya kazi gani? Ndagara alipofariki, wanawe walipigana. Rogero, kama Speke alivyoliandika jina lake, alikuwa mdogo kwa umri, ila alidai kwamba ndiye aliyezaliwa baba yao akiwa tayari mtawala. Rumanyika alishinda kwa vita, na wafanyabiashara wa pembe waliokuwa wamefika nchini walimsaidia. Kwa hiyo ngoma ile nyepesi ilibeba mzigo mzito. Iliwaambia watu kwamba aliyeamua ni mizimu, wala si silaha za wageni. Nchi iliyokwisha kumwaga damu ya ndugu ilihitaji neno la kuituliza, na neno hilo lilipatikana.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Muujiza wa mkahawa wa Kijapani humfariji mtu mmoja aliyefiwa au aliyeachwa, na haumnyang'anyi mtu kitu. Muujiza wa Karagwe uliifariji nchi nzima, lakini ulimfuta Rogero na dai lake. Tunaloletewa na Speke ni simulizi la mshindi, alilolitoa mwenyewe nyumbani kwake. Ngoma haisemi aliyeshindwa kuiinua aliwaza nini.

Japani yenyewe ina kisa cha namna hiyo kuhusu kahawa yetu. Huko arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyolimwa mbali na mlima huo. Lakini kanuni za wafanyabiashara wao zimeitoa arabika ya Bukoba. Robusta, ambayo ndiyo kahawa kuu ya Kagera, haimo kabisa. Mkulima wa Kyerwa huanika buni yake juani kama wenzake wa Moshi wanavyohangaika na yao, ila jina zuri halimfikii.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Karagwe na Kyerwa wanaotamani kuandika hadithi za ajabu: wasisafiri mbali. Israel Katoke alichapisha kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, na wazee wangali wanasimulia. Wamuulize mzee habari za ngoma, kisha wamwombe aendelee hadi kwa yule aliyeshindwa kuinyanyua.