Kinamasi cha Nateete: Mtambo Ambao Hakuna Aliyeujenga

Nateete ipo magharibi mwa Kampala, kando ya barabara ya Masaka, katika tarafa ya Rubaga. Wengi huijua kwa soko lake na msongamano wa magari. Mimi ninaijua pia kwa maji. Huu ni mwaka wa pili nimepanga chumba upande wa bondeni, na mvua kubwa ikinyesha usiku tunaamka kuinua magodoro. Asubuhi majirani husema, "Ni mvua ya Mungu." Katika insha hii nitaeleza kwamba mafuriko hayo yana historia, na kwamba historia hiyo haiwezi kuandikwa bila kukihesabu kinamasi kama mmoja wa wahusika wake.

Nateete inaonekana mapema katika maandishi. Wamisionari wa kwanza wa CMS waliwasili Buganda mwaka 1877. Alexander Mackay alifika mwaka uliofuata, na hapo Nateete akafundisha useremala, uhunzi na uchapaji. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa Busega, jirani na Nateete, kando ya kinamasi cha Mayanja. Katika habari za wamisionari kinamasi kinatajwa kama mahali pa kutisha. Hakuna aliyeuliza kinafanya kazi gani.

Baada ya Mkataba wa Buganda wa 1900 ilikua miji miwili iliyopakana. Mmoja ulikuwa mji wa serikali ya kikoloni, uliokuwa na makao yake Nakasero. Mwingine ulikuwa Kibuga, mji wa Kabaka, uliosimamiwa na serikali ya Buganda kutoka Mengo. Mji wa kwanza ulichorewa ramani za mipango, kama ule wa A. E. Mirams wa 1930 na ule wa Henry Kendall wa 1951. Kibuga, ambamo Waafrika wengi waliishi, kilibaki nje ya mipango hiyo. Ardhi yake ilikuwa ya mailo: mwenye kiwanja aliweza kukigawa, kukiuza au kukipangisha, na mpangaji akajenga alivyoweza. Mipaka ya Kampala ilipopanuliwa mwaka 1968, maeneo ya Mengo, Kawempe na Nakawa yaliingizwa ndani ya jiji. Jiji likapokea watu na nyumba zao, lakini mabomba ya majitaka hayakuvuka mpaka pamoja na jina.

Basi maji machafu ya Nateete yalikwenda wapi miaka yote hiyo? Yalifuata mteremko yakaingia kwenye mafunjo.

Jibu hilo lilipimwa kwa makini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Kanyiginya, Kansiime, Kimwaga na Mashauri, kazi iliyowaunganisha wataalamu wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichunguza kinamasi cha Nateete chenye eneo la kilomita ya mraba 1 hivi, kinachopokea majitaka na maji ya mvua kutoka mji usio na mtambo wa kuyasafisha. Walikata njia mbili katikati ya mafunjo, wakachukua sampuli za maji, udongo na mimea kila baada ya mita 50. Kati ya maji yanapoingia na yanapotoka, kiwango cha nitreti kilipungua kwa asilimia 98, naitrojeni yote kwa asilimia 35, na ile ya amonia kwa asilimia 21. Virutubisho vingi vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya mimea yenyewe.

Watafiti hawakukipamba kinamasi. Waligundua kwamba majitaka yalipita zaidi upande wa mashariki, na kwamba kiwango cha fosforasi kilikuwa kikubwa zaidi pale maji yanapotoka, pengine kwa sababu tope lilianza kurudisha lilichokuwa limehifadhi. Kwa maneno mengine, mfanyakazi huyu anachoka. Pendekezo lao lilikuwa mafunjo yavunwe, ili uchafu uliokwisha kunyonywa uondoke pamoja na mashina.

Hapa ndipo nilipoona uhusiano na maisha ya Buganda. Watu wamekata mafunjo tangu zamani kwa ajili ya ebiwempe, yale majamvi yanayouzwa kando ya barabara. Utafiti huo ulionyesha kwamba sehemu ya funjo iliyo chini, mizizi na vikonyo vyake, ina uzito mkubwa kuliko sehemu ya juu. Anayekata funjo kwa jamvi huacha sehemu kubwa ya mmea, nao huchipua tena. Anayemwaga kifusi huua vyote. Kwa hiyo si kila anayetumia kinamasi anakiharibu, na sheria nzuri ingewatofautisha watu hawa wawili.

Sheria tunayo. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Lakini Katiba ilikuja baada ya miaka mingi ya viwanja kugawanywa. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi, na waliolala nje hawakuwa wale waliochora mipaka ya miji miwili. Ninalisema hili nikijua mahali niliposimama. Nilipomuuliza mwenye nyumba wangu palikuwaje zamani, alijibu, "Hapo kitandani kwako palikuwa na mafunjo." Kodi yangu inalipia kifusi.

Mwaka 2022 Profesa Shuaib Lwasa wa Makerere, pamoja na Karen Seto wa Marekani, waliongoza sura ya miji katika ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC. Sura hiyo inahesabu miti, mito na ardhi oevu kuwa miundombinu ya mji, sawa na barabara. Nateete ingeweza kutoa ushahidi huo kabla ripoti haijaandikwa.

Kwa kuhitimisha, maji yanayoingia chumbani kwangu si ya mvua peke yake. Ni maji yaliyokuwa na mahali pa kwenda, kabla ya mahali hapo kugeuzwa viwanja. Kinamasi kimeihudumia Nateete kwa zaidi ya karne bila mshahara na bila kuonekana kwenye ramani ya mji. Kabla ya kujaza kilichobaki, jiji liseme kwanza ni mtambo gani utakaofanya kazi yake, na nani ataulipia.