Ndoto ya Samunge na Kikombe Chetu

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa ikitafsiri ndoto ya mtu mmoja. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliyeishi kijiji cha Samunge, Loliondo, alieleza kwamba tangu mwaka 1991 Mungu alikuwa akisema naye kwa ndoto juu ya mti wa mugariga. Mizizi yake ichemshwe, na mgonjwa anywe kikombe kimoja kwa shilingi 500. Kufikia mwezi Machi foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, na mwenyewe akaomba watu wasije kwanza hadi foleni ipungue.

Hata Kileo watu walikwenda. Wakati huo nilikuwa kijana katika chuo cha theolojia. Nilichangia nauli ya mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Alirudi akiimba, akavitupa vidonge vyake. Nami nikasema amina. Hakumaliza mwaka.

Tangu siku hiyo najiuliza tulikosea wapi. Si katika kuamini kwamba Mungu aweza kusema kwa ndoto. Biblia imejaa ndoto. Wazee wetu wa Upare nao hawakuzidharau: kumwota marehemu kuliweza kumaanisha anadai tambiko. Wamisionari wa Leipzig walileta Injili milimani kwetu kuanzia mwaka 1900, lakini hadi leo washarika huniletea ndoto zao. Wameota meno yanang'oka, wanaogopa msiba. Wameota harusi, wanasubiri kilio.

Nami huwakumbusha kwamba ishara moja haina maana moja. Nyoka wa Edeni alidanganya, bali nyoka wa shaba jangwani alitazamwa, watu wakapona. Maji yaliangamiza wakati wa Nuhu, na kwa maji tunabatizwa. Kwa hiyo hakuna orodha ya kutuambia kila ndoto ina maana gani.

Tazama Yusufu mbele ya Farao. Ng'ombe waliokonda na masuke makavu hayakumfanya Farao akae akingoja muujiza. Tafsiri ilizaa kazi ya mchana: sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba miaka saba. Kila mtu aliweza kwenda ghalani na kuona. Luther naye alisema alimwomba Mungu asimpe ndoto wala maono, kwa kuwa Maandiko yalimtosha.

Ndoto ya Samunge ilitaja mti na kikombe. Neno la kutupa vidonge tuliliongeza wenyewe, mama yule na mimi. Wataalamu wa serikali walipotangaza kwamba dawa ile haina sumu, tulisikia kwamba inaponya. Hayo ni mambo mawili tofauti. Tulitaka sana apone, na hamu yetu ndiyo iliyotafsiri.

Mchungaji Mwasapila alifariki Julai 2021. Simhukumu; mwenye kuhukumu ni Bwana. Lakini mshariki akinijia leo na ndoto ya uponyaji, tunaomba pamoja, tunasoma Neno, kisha namwuliza kama ameshakunywa dawa zake za leo. Akisema amepona, namsindikiza hospitali apimwe. Kama Mungu ameponya, kipimo kitaonyesha. Kama bado, vidonge vyake vitakuwa vingali mkononi.