Sikio Nalo Lina Lugha Yake

Mgeni akikuuliza njia mjini Dar es Salaam, humwambii afike kwenye kiplefti kisha akate kulia? Neno hilo ni amri ya Waingereza kwa madereva, "keep left", yaani pita kushoto. Sikio la Mswahili lilisikia humo "ki" ya kisu na kiti. Basi kimoja kikawa kiplefti, viwili viplefti.

Vivyo hivyo kwa bati la kuzuia tope, "mudguard". Sikio lilisikia "ma" ya maembe, likazaliwa digadi moja, madigadi mawili. Nayo meli ya kivita, "man-of-war", ikawa manowari.

Wapo wanaocheka wakidhani hayo ni makosa ya wasiosoma. La hasha! Katika kitabu kilichotoka mwaka 1939, mtaalamu wa lugha wa Kirusi, Nikolai Trubetzkoy, aliifananisha lugha ya mama na chekecheke: kila sauti ya kigeni hupita humo kwanza. Mwaka 1971, Hiromu Goto alionyesha kwamba Wajapani watu wazima hushindwa kutofautisha "r" na "l" za Kiingereza kwa kusikia, hata baadhi yao waliozitamka vizuri. Je, hao nao hawakusoma?

Nakumbuka nikiwa shuleni, mwalimu alitamka "ship", meli, kisha "sheep", kondoo. Tuliulizwa ipi ni ipi. Kiswahili kina irabu tano tu, na "i" yetu moja huzimeza zote mbili. Nilikosea, nikachapwa, nikarudia kukosea, nikaitwa mvivu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba sina akili ya Kiingereza.

Kumbe dawa ipo, wala si fimbo. Mwaka 1991, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafunza Wajapani kusikia "r" na "l". Waliwasikilizisha sauti za wasemaji mbalimbali, na kila aliyekosea alielezwa papo hapo. Baada ya majuma machache, masikio yao yalikuwa yameboreka.

Ndugu wasikilizaji, watoto wetu wakiingia sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyesikia neno vizuri hukosa somo zima, tena bila kosa lake. Basi mwalimu, kabla hujamwita mtoto mjinga, mrudishie neno lile mara ya pili, na ya tatu. Sikio lililofundwa na mama halifunguliwi kwa kiboko.